Mimi, Wifi na Ngozi ya Kitunguu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Koti jeupe ni langu. Si la mtu mwingine yeyote, na hasa si la wifi.

Habari yenyewe ni hii. Mwalimu wa baiolojia wa darasa letu la watu wazima, tunayemwita Mwalimu Miwani kwa sababu anazo mbili, moja puani na moja kichwani, leo ametangaza jambo. Maabara ya hospitali inataka mtu mmoja wa kujifunza kazi ya msaidizi. Mmoja tu! Anayetaka kuchukuliwa aende na barua ya mwalimu. Na barua atampa atakayeandika ripoti nzuri kuliko wote ya zoezi la Jumamosi: Muundo na Kazi za Seli.

Miaka kumi na moja mimi ni dobi wa hospitali hiyohiyo. Makoti ya maabara nayafua mimi, nayapiga pasi mimi, nayatundika mimi. Najua lipi lina kifungo kilicholegea na lipi lina doa la zambarau lisilotoka kwa dawa yoyote. Mwaka juzi nililivaa moja. Dakika mbili tu, mbele ya kioo cha chumba cha kufulia. Muuguzi mkuu akaingia. Nikamwambia napima kama limenyooka. Akaniambia nipimie kwenye meza.

Basi mwalimu alipotangaza, nikalitazama darasa zima. Watu arobaini na sita. Fundi baiskeli yuko nyuma anachokonoa grisi kwenye kucha. Huyo hanipi shida. Wengine nao wanasinzia. Nikageuka kushoto. Wifi. Penseli nne zimechongwa, zimepangwa kwa urefu. Nne!

Roho ikanichoma palepale.

Jumanne, 5 Machi

Niandike kuhusu wifi, ili siku moja mtu akisoma shajara hii ajue nilikuwa na haki.

Ni dada wa mume wangu. Ana miaka ishirini na minne, hajaolewa, anauza katika duka la madaftari. Tunakaa nyumba moja, sisi watu wanne: mimi, mume wangu, mama mkwe na yeye. Wazo la kurudi shule lilikuwa langu. Langu! Nilimwambia kwa kujigamba tu, kesho yake akajiandikisha na yeye, na namba yake ya usajili iko mbele ya yangu. Akipata themanini, mama mkwe anapiga vigelegele hadi majirani wanachungulia. Mimi nikipata sitini na mbili, mama mkwe ananiuliza kama nimeanua nguo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ni mpole. Ana sauti ndogo, ana adabu, ananiita wifi yangu kipenzi. Mtu huwezi hata kumgombeza.

Sasa, zoezi ni la kitunguu. Mwalimu kasema tujaribu nyumbani kubandua ile ngozi nyembamba iliyo kati ya tabaka na tabaka. Anayetaka kujaribu lazima awe na kitunguu. Asiye na kitunguu hajaribu. Ni rahisi hivyo! Asubuhi nimevikusanya vitunguu vyote vya jikoni, kilo mbili, nikavitia kwenye mfuko wa mashuka, nikaondoka navyo kazini. Nimevifukia chini ya rundo la mashuka safi. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 6 Machi

Mashuka yamenuka. Nilisahau kwamba chumba cha kupigia pasi kina joto. Wagonjwa wa wodi mbili wameuliza leo kunapikwa nini. Mmoja, ambaye hajala siku tatu, ameomba kuletewa. Muuguzi mkuu akasema huyo angalau amepata nafuu, kisha akanifuata mimi. Nimefua mashuka sitini upya.

Nimerudi nyumbani nimechoka kama punda, nakuta mama mkwe anauliza nani kachukua vitunguu. Nikasema panya. Akauliza ni panya gani huyo anayebeba kilo mbili. Nikasema labda ni wawili.

Na wifi je? Amejaribu dukani! Jirani yake wa duka la mboga kampa kitunguu kimoja. Amerudi na ngozi ya kitunguu, nyembamba hata huioni, kaihifadhi kati ya vipande viwili vya plastiki. Mama mkwe akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama weee, akasema mikono ya mwanawe imebarikiwa. Mikono yangu mimi ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Hakuna aliyeitazama.

Ijumaa, 8 Machi

Kisa cha leo. Wifi alimwambia mume wangu kwamba kesho saa tatu tunaingia kwenye mambo ya seli. Mama mkwe akasikia nusu. Akaja mbio na mkeka begani, akauliza tumefanya kosa gani, na kama polisi wameshakuja. Wifi akamkalisha. Akamweleza taratibu kwamba seli hii si ile ya kufungia watu, ni kama chumba kidogo sana, na kila chenye uhai kimejengwa kwa vyumba hivyo, yeye, sisi, hata kitunguu. Mama mkwe akasikiliza mdomo wazi. Akasema mtoto huyu angekuwa daktari.

Maneno hayohayo nilimwambia mimi Jumatatu! Aliniambia nipunguze redio.

Sawa. Mlangoni pa maabara wamebandika orodha. Darubini ziko sita, kila moja na watu wake. Mimi namba mbili. Wifi namba tano, pamoja na fundi baiskeli. Nimeisoma mara tatu. Nimekuja nyumbani, nimechukua kopo langu la mafuta ya mgando, nimechota kidogo kwenye karatasi. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Ushindi! Niandike kwa mpangilio.

Nimefika saa mbili kasorobo. Mwalimu Miwani akafurahi, hajawahi kupata mwanafunzi wa kujitolea kufuta meza. Nikafuta meza. Nikafika namba tano. Nikapaka mafuta kidogo sana, kwa kidole cha mwisho, kwenye lenzi ya chini, ile inayokitazama kitunguu. Ile ya kuwekea jicho nikaiacha safi. Kazi ya sekunde tatu. Nikaendelea na meza ya sita huku naimba.

Watu wakaingia. Mwalimu akaeleza. Kata kitunguu, bandua ngozi ya ndani, itandaze kwenye kioo, idondoshee tone la iodini, kisha ifunike kwa kioo chembamba, polepole, hewa isiingie. Mimi nikafunika kwa haraka, puu! Kisha akasema maneno ambayo anayapenda kuliko chakula: chora unachokiona, usichore unachokijua. Akayasema mara tatu. Nikayaandika daftarini, sikuyafikiria tena.

Wifi akainama kwenye darubini. Ule uso wake! Akapepesa macho. Akazungusha skrubu ya kurekebishia. Akapepesa tena. Akamwita mwalimu. Mwalimu akachungulia, akaifuta lenzi ya juu kwa pindo la shati, akamwambia aendelee. Ukungu ni uleule. Watu wa namba tano wakamgeukia fundi baiskeli na mikono yake ya grisi. Maskini akaapa kwamba amenawa kwa sabuni mara mbili. Nikamhurumia kidogo, halafu nikaacha.

Kisha likatokea ambalo sikulipanga. Wifi akaja mezani kwangu, akaniomba kwa adabu achungulie namba mbili, hata dakika moja. Nikamwambia bado. Akasubiri. Nikamwambia bado. Ikabidi nilibandike jicho langu pale, nisilitoe. Dakika ishirini nzima! Wenzangu wa namba mbili wakaanza kunisema. Mmoja akauliza kama nimelala. Mwingine akauliza kama humo ndani kuna sinema. Jicho likatoa machozi, shingo ikakakamaa, sikutoka. Na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikatazama. Nikatazama kila kitu. Vyumba virefu vimepangwa kama matofali. Kila chumba na nukta yake. Duara moja kubwa, lina ukingo mweusi mnene. Vijiti viwili vyeusi vinavyocheza kila nikipepesa. Nikavichora vyote bila kuinua kichwa, kwa hiyo mchoro umelala upande kama nyumba inayotaka kuanguka.

Muda ukaisha. Wifi hakuona seli hata moja!

Nyumbani hata chai hakunywa. Nimemwambia pole sana wifi, ndiyo masomo. Nimejisikia vizuri kuanzia kisogoni hadi kwenye visigino.

Jumapili, 10 Machi

Nimeandika ripoti yangu. Sehemu ya kwanza ni mchoro na majina. Nukta nimeziandika viini, nikazipaka njano kwa kalamu ya wifi alipokwenda kuoga. Sikukumbuka vizuri rangi yake, lakini kiini cha yai ni cha njano, na kiini ni kiini. Kwenye lile duara kubwa nimeandika: Sijui hiki ni nini, lakini ni kikubwa. Kwenye vile vijiti: Vinacheza nikipepesa, sijui vina kazi gani.

Sehemu ya pili: Eleza kazi za sehemu za seli kwa mifano ya maisha yako. Hapo kalamu ilikimbia yenyewe. Nainakili hapa nisije nikaisahau.

Vakuoli ni wifi yangu. Inachukua nafasi kubwa kuliko wote, na ukiichungulia ndani ni maji matupu.

Utando wa seli ni mama mkwe. Unakaa mlangoni na kuamua nani aingie, nani atoke, na kwa nini amechelewa.

Saitoplazimu ni mume wangu. Yupo tu. Kila kitu kinaelea ndani yake, naye hana habari.

Mitokondria ni mimi. Sikuiona kwenye darubini, lakini mwalimu kasema ipo na ndiyo inayotoa nguvu za nyumba nzima. Ndivyo nilivyo. Kazi naifanya na hakuna anayeniona.

Nimecheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia aendelee kuelea.

Jumanne, 12 Machi

Wifi ana siku mbili haondoki mezani. Anachora na kufuta, anachora na kufuta. Nimepita nyuma yake mara tisa nikijidai natafuta chumvi. Kila nikipita, anafunika kwa mkono. Anachora nini, naye hakuona kitu? Sikupata usingizi wa mchana.

Jumatano, 13 Machi

Leo ndiyo siku ya kukabidhi. Mwalimu alitugawia majalada ya aina moja, ya kijani, akasema jina tuandike kwenye jalada tu, kurasa za ndani tuzibane kwa kibanio. Yeye ni mgeni muhula huu, miandiko yetu haijui.

Asubuhi wifi akaniomba nimkabidhie na yake, kwa sababu dukani wanahesabu bidhaa na hawezi kutoka. Akanipa mkononi. Akasema asante wifi yangu kipenzi. Mtu mwenye akili angefikiria mara mbili.

Nikafika kazini. Nikaifungua juu ya meza ya kukunjia mashuka, kwa nia njema tu, kulinganisha.

Jamani!

Sijawahi kuona mchoro kama ule. Mistari imenyooka kama imechorwa na mashine. Kivuli kipo, vipimo vipo, majina yote yamepangwa upande mmoja kwa rula. Mitokondria ipo, ina hadi mikunjo yake ya ndani! Kaipata wapi? Kaonaje kwenye ukungu? Nikatazama wa kwangu uliolala upande. Nikatazama wake. Roho iliniuma mpaka nikashika ukuta. Mimi nimebandika jicho kwenye darubini dakika ishirini nzima, na yeye ambaye hakuona kitu kachora kuliko mimi niliyeona!

Nilikuwa sijafika ukurasa wa mwisho wakati mashine ya kufulia ilipolia. Sikuwa na muda. Nikafungua vibanio viwili. Kurasa zake nikaziweka kwenye jalada langu. Zangu nikazitia kwenye jalada lake. Nikabana. Nikapeleka.

Kisha nikarudi kwenye mashine.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepeleka makoti maabara leo. Badala ya kuyaacha mlangoni kama siku zote, nimeingia hadi ndani. Nikamsalimia mkuu wa maabara kama watu wanaofanya kazi pamoja. Nikamwambia tutaonana hivi karibuni. Akauliza kama kuna koti limepotea. Nikacheka tu.

Wifi ananitazama sana tangu jana. Nikimtazama na mimi, anatabasamu. Sipendi.

Jumamosi, 16 Machi

Sijui nianzie wapi. Mkono unaandika, kichwa hakijarudi.

Mwalimu Miwani aliingia na majalada yote. Akasema amesikitika. Watu arobaini na zaidi wamechora picha ya kitabuni, na kitabu anacho nyumbani, hakuhitaji nakala arobaini. Kisha akainua jalada moja juu. Akasema hapa upo mchoro mzuri kuliko yote. Akasoma jina. Langu!

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame, nilisimama mwenyewe. Nikaanza kuinama kwa heshima.

Akasema mzuri, ila na wenyewe ni wa kitabuni. Mitokondria imo, tena na mikunjo yake. Kwa darubini zetu mitokondria haionekani. Aliyeiona humu, aje amwonyeshe, kwa sababu yeye ana miaka kumi na tisa anaitafuta. Darasa likaangua kicheko. Nikakaa.

Hata hivyo, akasema, ananipongeza kwa ukweli, maana mwishoni nimeandika ujumbe. Ujumbe gani? Akausoma. Mwalimu, sikuona kitu kwa sababu darubini namba tano ilikuwa na ukungu. Nimechora kutoka kitabuni, sitaki kukudanganya. Ikiwezekana naomba nirudie zoezi.

Ukurasa wa mwisho! Ule ambao sikuufungua! Fundi baiskeli akapaza sauti kutoka nyuma. Akasema mama huyu hakuwa namba tano, alikuwa namba mbili, tena ndiye aliyekataa kutoka. Mwalimu akakunja uso. Akaliweka jalada pembeni. Jasho likaanza kunitoka kwenye nyusi.

Akainua la pili. Akasema barua ameamua kuitoa kwa huyu, ingawa mchoro wake ni mbaya kuliko yote aliyowahi kuiona. Akauonyesha. Ulikuwa umelala upande. Wangu! Akasema lile duara ni kiputo cha hewa, kosa la kufunika kioo haraka, na watu wote huwa nacho lakini hakuna anayekichora. Huyu kakichora, kisha akaandika hajui. Vile vijiti vinavyocheza ni kope za jicho lake mwenyewe! Na viini vya njano, kitabuni havina rangi, lakini iodini huvifanya hivyohivyo, kwa hiyo huyu alitazama kwelikweli. Miaka kumi na tisa anasema chora unachokiona, leo amepata aliyesikia. Alikuwa karibu kulia.

Mimi ndiye niliyekuwa nalia, kwa ndani. Kwa sababu jina alilolisoma juu ya jalada lilikuwa la wifi.

Na hayakuishia hapo. Akasema sehemu ya pili imemfurahisha zaidi, acha awasomee wote. Akasoma kwa sauti kubwa. Vakuoli ni wifi yangu. Inachukua nafasi kubwa kuliko wote, na ukiichungulia ndani ni maji matupu.

Vichwa arobaini na vitano vikanigeukia mimi.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Mimi namwita wifi, yeye ananiita wifi. Kwa jalada lile, wifi ni mimi! Vakuoli ni mimi! Watu walicheka mpaka fundi baiskeli akateleza kwenye benchi. Nimechekwa kwa maneno yangu mwenyewe, niliyoyatunga mwenyewe, na ambayo yalikuwa mazuri kweli.

Mwalimu akaendelea. Akasoma utando wa seli ni mama mkwe. Akasoma saitoplazimu ni mume wangu. Kicheko kikapungua. Watu wakatazamana. Mtu mmoja akasema mbona dada huyu hajaolewa. Mwalimu akashusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya puani, akamtazama wifi kwa zote mbili. Akauliza huyu mume wa saitoplazimu katoka wapi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikisema ripoti ni yangu, nakubali kwamba nilibadilisha majalada, na nafukuzwa darasani. Nikinyamaza, koti linakwenda kwa mtu ambaye hata hakuona kitunguu. Miaka kumi na moja!

Wifi akasimama. Kwa ile sauti yake ndogo akamwomba mwalimu amsamehe, akasema kosa ni lake. Alizibana ripoti zote mbili nyumbani juu ya meza ya jikoni, kwa haraka, akachanganya majalada. Ile yenye kiputo ni ya wifi yake. Barua ni ya wifi yake. Yeye anaomba kurudia zoezi tu.

Mwalimu akaniuliza kama ni kweli.

Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba mara nyingi hana umakini.

Barua ninayo. Imo ndani ya mto. Wifi amepewa nafasi ya kurudia zoezi Jumatano saa tisa, namba mbili. Tulirudi pamoja, akanibebea mkoba. Tulipofika mlangoni ndipo akaniambia, kwa upole uleule, kwamba mafuta yangu ya mgando siku hizi yanakwisha upesi.

Jumapili, 17 Machi

Fundi baiskeli kaja kurekebisha baiskeli ya mume wangu, na kwa kuwa ana mdomo, kamweleza mama mkwe yote. Kuhusu utando hakusema, au labda alisema, maana leo mama mkwe amenifungulia mlango bila kuuliza nimetoka wapi.

Aliniambia hongera kwa barua. Mara moja. Kisha akamgeukia binti yake. Akamkumbatia, akamlilia begani, akasema hajapata kuona mtoto mwenye moyo kama huo, kujitwisha kosa mbele ya watu ili wifi yake asikose riziki. Akawaita majirani wa kulia. Akawaita wa kushoto. Akampigia simu shangazi yao, akasimulia upya tangu mwanzo, akaweka na kilio mahali ambapo hakukuwa na kilio. Nimehesabu. Mimi nimesifiwa mara moja, wifi mara kumi na moja.

Mume wangu naye ameacha kuelea kwa dakika tatu, akaniambia nimshukuru dada yake. Nimemshukuru. Akanikumbatia! Akasema yeye atafurahi siku zote nikipata mimi, kwa sababu nimesubiri zaidi yake. Nilimwangalia usoni nitafute unafiki. Hakuna. Nimetafuta vizuri sana.

Ni jambo linalokasirisha mno.

Jumatatu, 18 Machi

Siku ya kwanza maabara. Asubuhi nimepeleka barua, wamenichukua papo hapo. Koti limenikaa sawasawa. Mkuu wa maabara kanionyesha mashine, chupa, vioo, darubini moja ambayo peke yake inazishinda zetu zote sita. Nimechungulia tone la damu. Nilistahili kuwa mwenye furaha kuliko watu wote mjini.

Sikuona damu. Nilimwona wifi, amesimama darasani, sauti ndogo, anasema kosa ni lake. Na watu wote wanamtazama hivyo walivyomtazama! Hata wema kanizidi! Nimefanya kazi ya kuhangaika wiki mbili, nimefua mashuka sitini, nimekakamaa shingo, na yeye kwa kusimama nusu dakika kachukua sifa zote za nyumba, na mtaa, na shangazi.

Nimewaza mchana kutwa, nimepata jibu. Lazima nimshinde kwa wema. Nitakuwa mwema kuliko yeye, tena hadharani, mpaka mama mkwe apige simu kwa shangazi kwa ajili yangu mimi.

Mpango uko tayari. Keshokutwa saa tisa ana zoezi lake. Kesho jioni nitavificha viatu vyake. Atavitafuta, atakaribia kuchelewa, nyumba nzima itahangaika. Hapo ndipo nitakapovipata mimi, mbele ya mama mkwe, na kumvalisha kwa mikono yangu mwenyewe.